Roger wa Salisbury, Askofu Aliyemdai Kila Mtu Hesabu

Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya Roger, aliyekuwa askofu wa Salisbury nchini Uingereza tangu alipoteuliwa mwaka 1102 hadi alipofariki mwaka 1139. Inasemekana kwamba Henry, mwana mdogo wa Mfalme William Mshindi, alipokuwa bado hana kiti cha enzi wala mali ya kutosha, alipita na askari wake karibu na mji wa Caen, katika Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, akaingia kanisani kusali. Padri aliyekuwa madhabahuni aliisoma misa kwa kasi kubwa hata askari wakasema kwamba watu wa vita wasingeweza kupata padri anayewafaa zaidi ya huyo, na Henry akamwambia amfuate. Kisa hiki kiliandikwa na mtawa aitwaye William wa Newburgh karibu miaka 60 baada ya Roger kufa, na mimi sikitegemei kama ushahidi wa jinsi mambo yalivyotokea. Nakichukulia kama ushahidi wa mshangao wa watu. Walimwona mtu aliyetoka katika umasikini akakaa mahali pa pili baada ya mfalme, na kwa kuwa hawakuweza kuieleza njia aliyopita, wakaeleza kwa bahati na kwa ulimi mwepesi.

Maelezo ya William wa Malmesbury, aliyeishi zama moja na Roger, yanaingia akilini zaidi. Anasema kwamba Henry alipokuwa mwana wa mfalme asiye na kitu, Roger ndiye aliyesimamia matumizi ya nyumba yake, akabana pale palipokuwa na ufujaji na kuweka akiba pale ambapo wengine wangetapanya. Henry alipotwaa taji mwaka 1100, alikuwa tayari amemjaribu mtumishi wake katika dhiki. Alimfanya chansela, mtunza hati na muhuri wa mfalme, na muda mfupi baadaye akampa uaskofu wa Salisbury.

Msomaji wa leo anaweza kuuliza kwa nini mfalme ampe mhasibu wake uaskofu. Jibu liko katika hali ya nchi wakati ule. Waliojua kusoma na kuandika Kilatini kwa ufasaha walikuwa wengi wao watu wa Kanisa, na mfalme hakuwa na mishahara ya kuwalipa watumishi wakubwa; alichokuwa nacho ni mashamba, na mashamba ya uaskofu yalikuwa makubwa na yalikuwepo tayari. Tena ardhi aliyopewa mtu wa ukoo wa kivita ilirithiwa na wanawe na ikawa vigumu kuirudisha, ilhali askofu, kwa kanuni, hakuwa na mrithi wa damu, na akifa kiti chake kilirudi mikononi mwa mfalme ili ampe mwingine. Mpango huo ulimpa mfalme utumishi wa maisha bila kuipunguza hazina yake. Ulikuwa mpango wenye akili, na Roger aliutumikia vizuri kuliko mtu yeyote wa kizazi chake. Ndiye pia aliyeonyesha mahali ulipokuwa na ufa.

Ufa ulijitokeza mapema. Askofu Mkuu Anselm wa Canterbury alikataa kuwaweka wakfu maaskofu waliopokea fimbo na pete kutoka mkononi mwa mfalme, na mgogoro huo ulidumu hadi mwaka 1107, mfalme alipokubali kuacha kutoa alama hizo na Kanisa likakubali maaskofu wamwahidi mfalme utii kwa ajili ya ardhi yao. Kwa miaka hiyo yote Roger alikuwa mteule asiyewekwa wakfu. Wapo wenzake waliochagua upande na kuumia. Yeye alijua kukaa katikati pasipo kumchukiza mfalme wala kumdharau askofu mkuu, na mwezi Agosti 1107 Anselm mwenyewe akamweka wakfu. Ustadi huo wa kutolazimika kusema yeye ni wa nani ulimfaa kwa zaidi ya miaka 30.

Kazi iliyomjengea jina ilikuwa ya hesabu. Karibu na mwaka 1110 hati zinaanza kulitaja baraza lililoitwa kwa Kilatini Scaccarium, yaani ubao wa sataranji, kwa sababu ya kitambaa cheusi chenye mistari kilichotandikwa juu ya meza yake. Maelezo kamili tuliyo nayo yaliandikwa miaka kama 40 baada ya Roger kufa, na nitasema hapo mbele yaliandikwa na nani. Meza ilikuwa na urefu wa futi 10 hivi na upana wa futi 5, na ukingo wake uliinuliwa ili vitu visianguke. Mistari iligawa meza katika safu: peni, shilingi, pauni, pauni ishirini-ishirini, mamia, maelfu na kuendelea. Upande mmoja alikaa sherifu, mtu aliyekusanya mapato ya mfalme katika kaunti yake, na karani akapanga kete mezani kuonyesha kiasi anachodaiwa, kisha chini yake akapanga nyingine kuonyesha alicholipa. Anayefahamu jinsi macho ya watazamaji yanavyofuata mkono wa mchezaji wa bao ataelewa nguvu ya utaratibu huu. Tarakimu za Kirumi hazikufaa kujumlisha wala kutoa, na masherifu wengi hawakujua kusoma, lakini kila aliyekaa pale aliliona deni kwa macho yake, likisogezwa na kupunguzwa mbele ya mashahidi.

Risiti nayo haikuwa karatasi. Ilikuwa kijiti kilichochongwa alama: alama ya pauni 1,000 ilikuwa na upana wa kiganja, ya pauni 100 upana wa kidole gumba, ya pauni 20 upana wa kidole kidogo, na ya pauni 1 upana wa punje ya shayiri iliyokomaa. Kijiti kilipasuliwa katikati kwa urefu, nusu moja ikabaki kwenye hazina na nyingine akaondoka nayo mlipaji. Aliyetaka kughushi angelazimika kuchonga nusu zote mbili, na moja haikuwa mikononi mwake. Njia hii ilikuwa imara kiasi kwamba Uingereza iliitumia hadi mwaka 1826, na vijiti vya zamani vilipochomwa mwaka 1834 moto wake uliteketeza majengo ya bunge kule Westminster.

Je, Roger ndiye aliyeliasisi baraza hilo? Wanahistoria wamebishana sana, na inawezekana kwamba meza ya mistari ilikuwepo kabla yake au iliazimwa kutoka ng'ambo. Mimi naona swali hilo halina uzito linalopewa. Chombo chochote cha utawala kinaweza kubuniwa kwa siku moja kikafa kwa mwaka. Kigumu ni kukifanya desturi ambayo wenye nguvu wanaitii. Mara mbili kila mwaka, wakati wa Pasaka na wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwishoni mwa Septemba, watu wenye silaha na ardhi waliitwa na kuja, wakaketi mbele ya makarani, wakaulizwa peni kwa peni. Orodha ya mwaka wa hesabu ulioishia 1130, ambayo ndiyo ya kale kuliko zote zilizobaki, inaonyesha mapato ya zaidi ya pauni 20,000. Pauni moja ilikuwa peni 240 za fedha. Hata tukichukua kiwango hicho cha chini, tunazungumzia thamani ya peni milioni 4 na laki 8, zilizodaiwa kwa jina la mtu mmoja mmoja kutoka karibu kila pembe ya nchi.

Tena Roger hakuridhika na idadi. Aligundua kwamba sarafu zaweza kutimia kwa hesabu, na hata kwa uzito, huku zikiwa zimechanganywa shaba, na kwa hiyo akaanzisha upimaji wa motoni. Sarafu za sherifu zilichanganywa, zikahesabiwa za thamani ya pauni moja, zikayeyushwa mbele yake hadi uchafu ukatoka, na pungufu lililoonekana likawa deni lake. Kwa ukali uleule, mfalme akiwa Normandy, Roger aliwaita wafua sarafu wa nchi nzima wafike Winchester katika Krismasi ya mwaka 1124. Mwandishi wa tarehe za Kiingereza, yaani kumbukumbu za mwaka kwa mwaka, anaeleza kwamba walikatwa mkono wa kuume na kuhasiwa, na kwamba kazi hiyo ilimalizika ndani ya siku 12. Kisha anaongeza kwamba ilikuwa haki, kwa sababu udanganyifu wao uliiharibu nchi. Siwezi kusoma habari hiyo bila kusisimkwa, na siwezi pia kuipuuza sentensi ya mwisho, kwa maana iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya watu walioshindwa na William Mshindi, na aliyeiandika hakuwa mpambe wa serikali. Mwaka ule kulikuwa na njaa, na mtu aliyekwenda sokoni na sarafu ambazo hakuna aliyezikubali alijua uongo wa mfua sarafu una gharama gani.

Henry alikaa Normandy zaidi ya nusu ya utawala wake. Mwanzoni aliyemwakilisha nchini alikuwa malkia wake, aliyefariki mwaka 1118. Mrithi wake wa kiume, William, alizama na merikebu mwezi Novemba 1120. Kwa hiyo kuanzia 1123 hadi 1126 Roger aliiongoza Uingereza kwa mamlaka ambayo mtu asiye wa damu ya mfalme hakuwa ameyazoea, akitoa amri kwa jina lake mwenyewe, na mwandishi wa zama zake akamwita wa pili baada ya mfalme.

Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyeitwa mezani kumdai yeye hesabu. Waliokaa katika baraza walisamehewa hata kodi ya ardhi iliyotozwa wengine. Roger alijenga ngome Sherborne na Devizes, akaishikilia ngome ya mfalme ya Salisbury, na akajenga nyingine Malmesbury hatua chache kutoka katika kanisa la watawa, ndani ya uwanja wa makaburi yao. Utawa wenyewe wa Malmesbury aliuweka chini yake kuanzia 1118 hadi alipokufa, na watawa hawakuruhusiwa kumchagua abati. Jambo hili linanifanya nimsome William wa Malmesbury kwa uangalifu maalumu, maana alikuwa mmoja wa watawa hao. Anausifu ujenzi wa Roger, akisema mawe yalipangwa kwa ustadi hata ukuta mzima ukaonekana mwamba mmoja. Anasema pia kwamba alichokitamani askofu karibu na mali yake alikinunua, na kama hakikuuzwa alikichukua kwa nguvu. Shahidi anayejua kusifu pale anapoumia ni shahidi wa kusikilizwa.

Halafu kuna jamaa zake. Mpwa wake Alexander alipewa uaskofu wa Lincoln mwaka 1123, na Nigel, mpwa mwingine, aliyekuwa mhazini wa mfalme, akapewa Ely mwaka 1133. Roger mwenyewe aliishi na mwanamke aitwaye Matilda wa Ramsbury, na mwanawe, Roger le Poer, akawa chansela wa mfalme aliyefuata. Ni rahisi kuyaita haya kujuana na kupendeleana, na kwa kweli ndivyo yalivyokuwa. Lakini lazima tuliangalie jambo zima. Wapwa hao walipelekwa Laon, Ufaransa, kwenye shule iliyokuwa na jina kubwa na ambayo mmoja wa walimu wake aliandika juu ya ubao wa kuhesabia. Walirudi wakiwa wanajua kazi. Mahali pasipokuwa na chuo cha utumishi wa umma wala vitabu vya mwongozo, ujuzi wa meza ile ulikaa vichwani mwa watu wachache, na nyumba ya mjomba ndiyo iliyokuwa darasa.

Henry alikufa tarehe 1 Desemba 1135. Mwaka 1127 aliwaapisha wakuu wote, Roger akiwemo, kwamba watamkubali binti yake Matilda, mjane wa Kaisari wa Ujerumani, kuwa mrithi. Hata hivyo Stephen wa Blois, mpwa wa marehemu, aliharakisha kuvuka bahari na kabla ya Krismasi alikuwa amevikwa taji, na Roger akiwa upande wake. Baadaye Roger alikuwa akisema kwamba kiapo kile kilimfunga tu kama mfalme asingemwoza bintiye nje ya nchi bila ushauri wa wakuu, na kwamba Henry alimwoza kwa Geoffrey wa Anjou bila kuwauliza. Hoja hiyo si dhaifu kisheria, lakini ina harufu ya mtu anayeutafuta mlango baada ya kutoka. Nadhani sababu iliyomsukuma ilikuwa nyepesi zaidi: hazina na makarani walihitaji mfalme aliyepo, na Stephen alikuwepo. Alilipwa vizuri. Stephen alimpa mji wa Malmesbury na kuwaambia marafiki zake kwamba angempa hata nusu ya Uingereza kama angeiomba, hadi wakati ukomae.

Wakati ulikomaa mwezi Juni 1139. Ilijulikana kwamba Matilda, binti wa Henry, alikuwa akijiandaa kuvuka bahari kudai taji, na wakuu waliomwonea wivu Roger, hasa pacha wawili wa ukoo wa Beaumont, Waleran wa Meulan na Robert wa Leicester, walimnong'oneza mfalme kwamba ngome zile na askari wale waliandaliwa kwa ajili ya Matilda. Maaskofu waliitwa Oxford. William wa Malmesbury anadai alimsikia Roger kwa masikio yake akisema kwamba moyo wake unaikataa safari hiyo, na kwamba barazani atafaa kama mwanafarasi afaavyo vitani. Ugomvi uliozuka mjini kati ya watu wa maaskofu na watu wa Alan wa Brittany juu ya nyumba za kulala ukawa sababu iliyotafutwa. Roger, mwanawe na Alexander walikamatwa; Nigel, aliyekuwa nje ya mji, alikimbilia Devizes. Stephen akamfuata huko akiwa na mateka wake, akatishia kumnyonga mwana wa askofu mbele ya ngome. Mama wa kijana, aliyekuwa akiulinda mnara mkuu, aliutoa ili kumwokoa mwanawe. Kanuni iliyodai askofu asiwe na mke wala mtoto ilijengwa juu ya hofu hiihii, kwamba mapenzi ya nyumbani yatautawala wajibu wa ofisini, na hapa mfalme ndiye aliyefaidika nayo.

Tarehe 29 Agosti kilifunguliwa kikao cha Kanisa kule Winchester, kikiitishwa na Henry wa Blois, askofu wa mji huo, mjumbe wa Papa na ndugu wa mfalme. Alitaka ndugu yake ajibu kwa nini aliwakamata maaskofu na kutwaa mali yao. Aliyemsemea mfalme, Aubrey de Vere, alitoa jibu ambalo kwangu ndilo kiini cha maisha yote ya Roger: hakukamatwa kama askofu, alikamatwa kama mtumishi wa mfalme, aliyeshughulikia mambo yake na kupokea ujira wake. Mfalme William Mshindi naye aliwahi kulitumia jibu la namna hiyo mwaka 1082, alipomkamata ndugu yake, Askofu Odo wa Bayeux, akasema anamkamata liwali wa Kent. Roger alijibu kwa hasira kwamba hakuwahi kuwa mtumishi wa Stephen wala kupokea ujira kwake. Hugh, Askofu Mkuu wa Rouen, akawaambia maaskofu waonyeshe kanuni inayowaruhusu kumiliki ngome, na kwamba hata wakiwa nayo, wakati wa hatari mwenye nchi ana haki ya kudai funguo. Kikao kilivunjika bila uamuzi.

Ukilisoma jibu la Roger baada ya miaka 30 ya kazi yake, linahuzunisha. Alipanda kwa kuwa hapakuwa na mstari kati ya joho la askofu na kiti cha hazina. Siku alipouhitaji mstari huo ili umlinde, ilimbidi auchore mwenyewe mbele ya watu waliomjua. Sherifu mdogo kabisa wa nchi ile alirudi nyumbani na nusu ya kijiti chake, na mfalme akimgeuka angeweza kukitoa na kusema, nimelipa. Roger hakuwa na kijiti. Mamlaka yake yote yalikuwa imani ya mfalme mmoja, haikuandikwa wala kupasuliwa nusu mbili, na Henry alipokufa alikwenda nayo. Kwa hiyo siwaungi mkono wanaomhukumu Stephen kwa upumbavu tu. Mfalme mwenye shaka na waziri wa namna ile hakuwa na meza ya kumwitia. Alikuwa na askari.

Matilda alitua Arundel kabla ya mwaka kwisha, na vita vya miaka mingi vikaanza. Zamani ilifundishwa kwamba kukamatwa kwa Roger ndiko kulikovunja utawala wa Stephen. Watafiti wa karibuni wanaona makarani wengi waliendelea na kazi, na kwamba vita vyenyewe ndivyo vilivyokausha mapato. Naafikiana nao kwa sehemu kubwa. Roger hakuyaona hayo. Alikufa Desemba 1139 kwa homa na uchungu, na fedha aliyokuwa ameiweka juu ya madhabahu ya Salisbury ili kanisa likamilishwe ilichukuliwa akiwa bado hai.

Henry wa Pili alipotwaa nchi mwaka 1154, alimwita Nigel wa Ely, ambaye alikuwa angali hai, na kumwomba mara kwa mara airudishe elimu ya baraza la hesabu, iliyokuwa karibu kupotea. Mzee huyo aliifufua kwa kumbukumbu za yale aliyofundishwa na mjomba wake, kisha mtawa wa Ely anasema akamnunulia cheo cha mhazini mwanawe Richard. Richard huyo, mwana wa askofu na baadaye askofu wa London mwenyewe, ndiye aliyeandika mwishoni mwa miaka ya 1170 kitabu cha mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi ambacho bila hicho tusingejua urefu wa meza wala upana wa alama za vijiti. Anapomfikia Roger anasema alikuwa mtu masikini aliyepata kibali machoni pa mfalme, mwenye busara katika shauri na ujuzi usio na mfano katika hesabu, na kwamba yale machache ayajuayo yeye mwandishi ameyapokea kutoka kwake kwa njia ya damu. Hasemi zaidi. Anarudi kumweleza mwanafunzi jinsi fedha ya sherifu inavyopimwa motoni.